Mzee wa Kamba na Ile ya Chombo

Alikuwa akigombana na tivii kama mtu anavyogombana na shemeji yake: kwa ukali, lakini bila matusi, maana kesho mtakutana tena. "Rudi wewe! Nakwambia rudi, mwenzako yuko nje!" Kidole kimeelekea kwenye kioo, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote, jasho linamtoka, na banda zima la chai la Mama Neema linacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa nyuma, mguu wangu mbovu nimeunyoosha, nikimwangalia yeye badala ya tivii.

Jina lake sitalitaja. Watu wa Misigiri wanalijua, na wa mbali halitawasaidia kitu. Tulimwita Mzee wa Kamba kwa sababu ya kazi aliyoifanya milimani, kwenye duara letu la dhahabu, kabla halijafukiwa. Wengine nitawataja, tena bila kupunguza sauti: Festo, mwenye duara, na Elinami, katibu wake. Mimi niliishia darasa la nne, sijui kuandika kwa kuzunguka. Mtu akifanya jambo naandika kafanya.

Ambaye hajawahi kushuka duarani nimweleze. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, limesimama kama kisima, linatosha mtu na ndoo yake. Juu kuna gogo limelazwa kwenye panda mbili, lina mikono ya kuzungushia, na kamba imezungushwa hapo. Unakalia kijiti kilichofungwa mwisho wa kamba, unafumba macho kwa ajili ya vumbi, unateremshwa. Huko chini hata upige kelele namna gani, juu wanasikia kama mbu. Kwa hiyo tunazungumza kwa kamba. Ukiivuta mara tatu, maana yake nitoe. Na mtu wa kushika kamba si wa kuokoteza. Anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa mzinzi, hayo ni yake na Mungu wake. Ila mkono wake lazima uwe macho. Mkono wa mzee huyu ulikuwa macho. Hata akila kiporo, hata akipiga soga, kiganja kimoja kilikuwa juu ya kamba kama mganga anayesikiliza mapigo ya mgonjwa.

Alikuwa na misemo yake. "Aliye chini ndiye mwenye amri," huo mmoja. Festo akija na pikipiki yake akasema mzee, shusha ndoo nyingine, mzee hajibu, anaangalia kamba.

"Mzee, si nasema na wewe!"

"Nakusikia. Lakini wewe uko juu."

Tulikuwa tunacheka mpaka Festo mwenyewe anacheka. Huo ulikuwa wakati Festo bado anacheka na sisi. Msemo wake mwingine ulikuwa huu: "Kamba haina mdomo, ndiyo maana haisemi uongo." Huo ndio ulionikaa rohoni kama mwiba, kwa sababu yeye alikuwa na mdomo.

Niseme yaliyotokea, kisha nirudi kwake.

Mwaka ule wa mvua nyingi ofisi ya madini ilisimamisha kazi kwenye maduara ya upande wetu. Chini ya milima ile kuna mashimo ya zamani, ya Wajerumani, yamejaa maji, na hakuna anayejua yalielekea wapi. Tukaambiwa mtu asishuke. Festo akatuita alfajiri watu watatu: mimi, Petro na Jumanne. Akasema mwamba wenye dhahabu umeshaonyesha uso, tuchukue kidogo tu kabla wakaguzi hawajapita. Elinami akawekwa njiani aangalie kama kuna gari linakuja. Mzee aliinama akanusa mdomo wa duara kama mtu anavyonusa maziwa, akasema, "Leo pana harufu ya ubaridi." Hakusema zaidi. Tukashuka.

Maji yalitokea ubavuni. Mimi nilikuwa chini ya mdomo wa duara nikijaza ndoo, wenzangu wako ndani zaidi, kwenye tundu la pembeni linalopanda kidogo. Niliikamata kamba, sikumbuki niliivuta mara tatu au mara ngapi. Jiwe likanivunja mguu, jingine likanipata kichwani. Nilipofumbua macho nilikuwa juu, nimelala kwenye tope, na mzee amesimama kanipa kisogo. Kamba alikuwa ameshairudisha chini. Kiganja chake kiko juu yake. Festo anapiga kelele, "Acha! Ni maji hayo yanaitikisa! Acha nakwambia!" Kisha nikazimia tena.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye kitanda cha hospitali, na duara lilikuwa limejazwa kifusi mpaka juu. Festo alisema alilifunga kwa kutii amri ya ofisi. Na Petro na Jumanne? Wamekimbilia rashi, dhahabu mpya iliyolipuka huko Chunya, akasema. Elinami akaapa aliwaona wakipanda lori. Mimi nilisema nilichokijua. Wakasema huyo kaumia kichwa, mwacheni apumzike. Na mzee alipoulizwa alijibu, "Mimi ni mtu wa kamba tu. Muulizeni mwenye duara."

Basi. Aliyenitoa ni yeye, na aliyeninyima ushahidi ni yeye. Ndiyo maana nikimkumbuka mkono mmoja unataka kumshika na mwingine unataka kumpiga.

Baba yake Jumanne alikuja kutoka Mitundu, mzee wa Kiislamu, mpole. Alisimama juu ya kifusi akaomba dua, akachota udongo akaufunga kwenye kitambaa, akaondoka bila kumuuliza mtu. Lakini mke wa Petro, Mama Eliza, alikataa udongo. "Udongo ninao shambani," alisema. "Mimi nataka Petro." Ukoo wa mumewe ukamwambia mumeo yuko Chunya na mwanamke mwingine, tutamlilia vipi mtu aliye hai? Hakuna matanga, hakuna kaburi. Mchungaji naye akasema hawezi kuzika maneno. Ofisi ya madini, kule Kiomboi, ikamwambia kwamba ili duara lifukuliwe, awepo mtu mzima mwenye akili zake, aliyekuwa pale, aseme watu walibaki chini. Mwenye akili zake. Mimi nikawa sihesabiki. Akabaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa hazungumzi na watu, anazungumza na tivii.

Miaka ikapita, Mama Neema akaweka tivii na king'amuzi ili wateja wa chai wasiondoke upesi. Banda lake liko njia panda, pale malori yanapopakia vitunguu. Kila Jumapili saa kumi alasiri walionyesha tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, habari za watu waliopanda chombo kwenda kuishi kwenye nyota ya mbali, safari ya kuzaliana na kufia njiani. Ilikuwa na jina lake, sisi tuliita Ile ya Chombo. Wengi walikuja kwa ajili ya mapigano na yale madude ya chuma yanayoongea. Mzee alikuja kununua kiberiti. Wakati ule kwenye kioo fundi wa chombo ametoka nje, gizani, amefungwa kamba kiunoni, anatengeneza kitu. Mawe ya angani yakaanza kumiminika. Nahodha akasema fungeni mlango. Mlango ukafungwa, kamba ikabanwa, mtu yuko nje. Halafu wimbo ukaanza na majina yakapanda.

Mzee alibaki amesimama, kiberiti mkononi. "Vipi, mbona wamekata?"

"Imeisha kwa leo, baba. Mpaka Jumapili," Mama Neema akamwambia.

"Jumapili! Na yule?"

"Yule nani?"

"Si yule wa nje!"

"Yupo, baba. Ataenda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakaa hapo mpaka wakaanza taarifa ya habari, akiamini kwamba kama kuna habari ya maana watu watakaoisema ni wale.

Hapo ndipo kosa lake lilipoanza, na ni kosa ambalo mtu wa ofisini hawezi kulifanya. Kwake yeye wiki ilikuwa wiki. Mtu wa duara anajua kwamba wewe ukiwa juu unakunywa chai, aliye chini naye saa zake zinakwenda. Hazisimami kukungoja umalize kikombe. Sasa kama mtu kaachwa nje Jumapili, basi Jumatatu yuko nje, Jumanne yuko nje, Alhamisi sisi tunapalilia yuko nje. Hakuweza kuelewa kwa nini watu wengine wanalala.

Katikati ya wiki alikuwa anapita bandani kama mtu anayepita wodini.

"Shikamoo, baba," Mama Neema anamwamkia.

"Marahaba. Kuna habari yoyote?"

"Habari ya nini tena?"

"Ya mgonjwa wetu."

Mwanzoni Mama Neema alikuwa anamcheka, baadaye akachoka kucheka, akawa anamjibu tu, "Bado, baba." Siku moja dereva wa lori, mtu wa Mwanza, akaingilia: "Mzee, wale ni waigizaji. Saa hizi wako baa wanakula kuku."

Mzee akamgeukia taratibu. "Umemwona?"

"Nani?"

"Nakuuliza umemwona yule wa nje akila kuku?"

"Sijamwona, ila..."

"Basi kula chapati yako."

Banda likapasuka. Dereva naye akacheka, akamnunulia chai, mzee akaikataa kwa adabu. Alikuwa haweki kitu kinywani bandani. Mama Neema alinong'ona kwangu kwamba Jumapili mzee huja amefunga tangu asubuhi, kanisani hajala, nyumbani hajala, na haeleweki amefunga kwa dini ipi. Mimi nilielewa. Duarani ilikuwa hivyo. Mtu wa kamba hali mpaka wa mwisho atoke.

Matangazo ya biashara yalikuwa yanamkera kuliko kitu chochote. Wakikatisha hadithi kuleta mwanamke anayetabasamu na sabuni, alikuwa anawaka: "Mtu ananing'inia, wao wanafua!" Msemo huo ulienea. Mpaka leo Misigiri, mtu akichelewesha jambo la haraka, wanamwambia unafua. Wengi hawajui ulitoka wapi.

Tamthilia yenyewe ilikuwa na mambo mengi. Kulikuwa na mapinduzi humo ndani, na mapenzi, na mtoto aliyezaliwa na macho ya rangi mbili. Yote hayo hayakumhusu. Kila wiki walikuwa wanamwonyesha yule fundi kwa muda mfupi, anazunguka gizani mwisho wa kamba yake, anahema ndani ya kofia ya kioo, na hapo mzee anasimama. Lakini nilichukua muda kugundua kwamba hata huyo siye aliyekuwa anamtazama zaidi. Watu wote walimchukia nahodha. Mzee hakujishughulisha na nahodha. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja aliyenyoa kichwa, mfanyakazi tu, ambaye siku ile ya mawe ndiye aliyebonyeza kitufe cha kufunga mlango. Alionekana mara moja, hakuwa hata na jina. Mzee alimkamata sura.

"Yule wa mlangoni leo katokea?" alikuwa anauliza akichelewa.

"Wa mlangoni yupi?"

"Mwenye kipara. Aliyefunga."

"Aa, yule! Yule alikuwa wa kupita tu, baba."

"Wa kupita vipi? Yeye ndiye aliyekuwa karibu."

Na hapa ndipo nilipomwona anajipinga mwenyewe. Jumapili moja vijana wa vitunguu walimsema vibaya huyo mwenye kipara, kwamba ni muuaji kama nahodha tu. Mzee, ambaye wiki nzima alikuwa akilia mtu arudishwe ndani, akageuka akawakaripia. "Angefanya nini? Aliyesema ni mkubwa wake! Angefungua wangekufa wote!" Vijana wakarudisha macho kwenye kioo. Halafu, baada ya kama dakika mbili hivi, akasema peke yake, kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini: angalau angesema. Mimi nilisikia, kwa sababu nilikuwa nimesogea mbele.

Nyumbani kwake hapakuwa na kamba. Hilo walioenda kwake waliliona wakadhani ni kituko cha uzee. Kuni alizifunga kwa magome. Nguo alianika juu ya uzio. Mbuzi aliwafunga kwa vipande vya mipira ya baiskeli, wakawa wanavitafuna na kukimbia, majirani wanamrudishia wakicheka: mzee wa kamba huyo, hana kamba! Kisimani hakusogea, alimwomba jirani amtekee. Wale mbuzi walitoka kwa Festo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Baada ya duara kufukiwa, Festo alimpelekea mbuzi kwa pikipiki, wamefungwa miguu, na mzee akawapokea. Hakuwachinja hata mmoja, hata Krismasi. Waliongezeka wakawa kundi, na kila mmoja alimzeekea mkononi. Sijui kama hiyo ni toba au ni woga. Festo wakati huo ameshajenga karasha la kusagia mawe, na mashine ya alizeti, na anagombea udiwani, picha yake kwenye nguzo kila mahali, anatabasamu kama yule wa sabuni.

Mimi nilikuwa nauza vitunguu kandokando ya barabara. Siku moja mzee akaja kununua. Nikampimia, nikamshika mkono kabla hajaupokea mfuko.

"Mzee, Mama Eliza amekuja kwako mara ngapi?"

"Huja kunisalimia."

"Haji kukusalimia na wewe unajua. Ulisikia nini kwenye kamba siku ile?"

Aliangalia mkono wangu ulioshika wa kwake. "Mguu wako vipi siku hizi?"

"Usiniulize mguu!"

"Nilikutoa," akasema. "Wewe nilikutoa."

"Ndiyo, ulinitoa. Ungeniacha ningekuwa na wenzangu, wala nisingeitwa kichaa sokoni."

Akautoa mkono wake. Kisha akasema neno ambalo sikulipenda wakati ule na hata sasa silipendi: "Mwanangu, mtu akishakaa kimya siku ya kwanza, siku ya pili kimya kinakuwa kizito zaidi. Sasa changu siwezi kukiinua." Akachukua vitunguu vyake akaenda. Nilimtukana mgongoni, watu wakanishangaa, kumtukana mtu mzima barabarani. Wakasema unaona, kichwa hicho.

Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linaloniudhi. Aliwafundisha vijana wengi kufunga mafundo wakati wetu wa duarani, alimzika mkewe kwa heshima, alilisha yatima wawili wa jirani mpaka wakajitegemea. Msiba ukitokea kijijini alikuwa wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka, analala chini na wafiwa mpaka matanga yaishe. Pale tu kwa Mama Eliza hakulala, maana pale msiba haukuruhusiwa kuwapo.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile ya mwisho. Ilikuwa imetangazwa wiki nzima kwamba Ile ya Chombo inamalizika, na Mama Neema alikaanga maandazi mengi kuliko kawaida. Hata Mama Eliza alikuja. Hakuwa mtu wa tivii. Alikuja kwa sababu alisikia mzee anavyolia na yule wa nje, na alitaka kumwona kwa macho yake. Alikaa nyuma, pembeni yangu, kilemba kimefunika paji.

Wakamtoa. Ndiyo, baada ya wiki zote hizo, nahodha alijirudi moyoni, akavaa mwenyewe ile kofia ya kioo, akatoka nje akaifuata kamba, akamkuta fundi amelala usingizi wa barafu, akamrudisha ndani. Wakampa dawa akafumbua macho. Nahodha akapiga magoti. Fundi akacheka, akamkumbatia. Wote wakapiga makofi kule chomboni, na bandani tukapiga makofi, vijana wakarusha kofia, Mama Neema akafuta machozi kwa upande wa kanga. "Baba, kapona!" alimwita mzee. "Mgonjwa wako kapona!"

Mzee alikuwa amesimama kama kawaida yake. Hakupiga makofi. Alikuwa anatafuta kwenye kioo, uso kwa uso, katika lile kundi linaloshangilia.

"Wa mlangoni yuko wapi?"

"Jamani, baba, si mtu kapona!"

"Nauliza wa mlangoni. Hawakumwita? Hawakumuuliza?"

"Hakuna haja ya kumuuliza tena," kijana mmoja akamwambia. "Imekwisha vizuri."

"Hakuna aliyemuuliza," mzee akasema. Alifungua kifungo cha juu cha koti, ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akifungua. "Uongo. Hii ni hadithi ya uongo."

Akatoka. Alipita mbele ya Mama Eliza, na Mama Eliza akamwangalia usoni mpaka alipoinamisha macho. Nje jua lilikuwa bado kali, tukamwona akivuka barabara bila kutazama lori. Mama Eliza akaniambia, "Shemeji, huyu anajua."

"Nimekuambia miaka yote hiyo."

"Ulikuwa unaniambia wewe. Leo kaniambia yeye."

Wiki hiyo hiyo mzee aliwagawa mbuzi wote kwa majirani, akafunga nyumba, akaenda kuishi kwa binti yake, Unyambwa, pembeni ya Singida mjini. Watu walisema mzee kachanganyikiwa kwa ajili ya tamthilia. Elinami alilisema hilo sokoni kwa sauti, tena akiwa anacheka, na mimi nilikuwepo. Naliandika ili lisipotee.

Tulimfuata, Mama Eliza na mimi, Jumatatu moja wakati wa mavuno ya alizeti. Mama Eliza ndiye aliyechagua Jumatatu, kwa sababu ofisi zinakuwa wazi. Binti yake alitupokea vizuri, akatuletea viti, akasema baba yuko uani. "Ila msimtajie mambo ya tivii," akaongeza. "Tukiwasha Jumapili anatoka nje, anakaa kwenye mawe mpaka tuzime."

Mzee alikuwa amekaa chini kwenye turubai, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinaruka. Alikuwa amekonda. Koti hakuwa nalo.

"Shikamoo, baba," Mama Eliza akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, sikuja kusalimia."

"Najua."

Mama Eliza hakukalia kiti. Alikaa chini kwenye turubai, miguu ameinyoosha, kama wanawake wanavyokaa msibani. Mzee aliendelea kupiga alizeti kidogo, kisha akaniuliza mimi, si yeye:

"Haijarudi? Ile ya Chombo?"

"Haijarudi, mzee. Iliisha."

"Kwa hiyo hawatamuuliza tena yule."

"Hawatamuuliza."

"Mimi nakuuliza wewe," Mama Eliza akasema. "Petro alikuwa hai?"

Fimbo ikatua. Kuku wa binti yake walikuwa wanadonoa mbegu pembeni, hakuna aliyewafukuza. Mzee akanyoosha mkono. "Nipe pindo la kanga yako, mwanangu." Mama Eliza akamsogezea. Akalishika kwa kiganja kile, akafumba macho, akalivuta. Akaachia kidogo. Akalivuta. Akaachia. Akalivuta mara ya tatu.

"Jumanne alikuwa na pupa," akasema, "anavuta kama anaita mbwa. Hivi nilivyovuta ni mkono wa Petro. Anaachia katikati. Ndiye aliyekuwa kwenye kamba."

Mama Eliza alikuwa ameshika upande wake wa kanga kwa mikono miwili. Sauti yake haikubadilika. "Na wewe ulifanya nini?"

Mzee akavuta mara moja tu, ndefu.

"Hiyo maana yake nini?"

Mimi nilijua maana yake. Kila aliyewahi kushuka anajua. Nilitaka kuondoka pale nisiisikie ikisemwa.

"Maana yake nimekusikia," mzee akasema. "Tulia hapo, usiivute tena, nakuja." Akafumbua macho. "Akatulia. Petro alikuwa mtu wa kusikia. Kamba ikawa kimya kabisa. Festo akasema, umeona? Nilikwambia ni maji, yameshatulia. Akachukua panga akaikata. Mimi nikasimama. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nikasimama tu. Mwanangu, mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakuja wala hakurudi.

Mama Eliza hakulia. Miaka yote hiyo nilidhani siku atakayoambiwa ataanguka, nikajiandaa kumdaka. Alilivuta pindo lake kutoka mkononi mwa mzee, akalikung'uta mbegu, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Akasimama.

"Vaa viatu, baba."

"Leo?"

"Leo. Gari la Kiomboi lipo stendi sasa hivi. Ofisi inafungwa alasiri."

"Mwanangu, acha nijipange. Kesho kutwa nitakuja mwenyewe, naapa. Niacheni nitafute maneno..."

"Petro alikutii," Mama Eliza akasema. "Mimi sikutii. Vaa viatu."

Mzee alitazama fimbo yake, akatazama alizeti, akanitazama mimi kana kwamba ningeweza kumsaidia. Sikumsaidia. Akajiinua kwa magoti, taratibu, akaingia ndani kutafuta viatu.